Kura Tatu za Jangwani: Nevada na Uchaguzi wa Vita wa 1864

Alasiri ya tarehe 26 Oktoba 1864, fundi wa telegrafu katika mji mdogo wa Carson City alianza kupiga waraka ambao haujawahi kupita kwenye waya za Marekani kwa urefu wake. Haukuwa na habari za mapigano ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, vilivyokuwa vikiendelea kati ya Kaskazini na Kusini. Ilikuwa katiba nzima ya Nevada, maneno 16,543, neno baada ya neno, pamoja na ibara za migodi, mahakama na mishahara ya majaji. Hakukuwa na waya wa moja kwa moja hadi Washington. Kule Salt Lake City fundi mwingine aliipokea, akaiandika, akaipiga upya kwenda Chicago. Chicago wakaipiga hadi Philadelphia. Philadelphia wakaifikisha kwenye chumba cha telegrafu cha Wizara ya Vita. Ilijaza kurasa 175 za mwandiko wa mkono. Gharama yake ilikuwa dola 4,303.27, na hizo ni dola za enzi ile.

Nakala za karatasi zilikuwa zimeshatumwa kwa njia ya nchi kavu na ya bahari. Zilichelewa, na bila katiba mkononi Rais Abraham Lincoln hakuweza kutangaza jimbo jipya. Uchaguzi wa rais ulikuwa tarehe 8 Novemba. Alitangaza tarehe 31 Oktoba, siku nane kabla.

Naishi Reno, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari kutoka Carson City, na kila mwaka Ijumaa ya mwisho ya Oktoba shule hufungwa, na kesho yake watu huenda kutazama gwaride la Siku ya Nevada. Bendera ya jimbo ina maneno yanayosema jimbo hili lilizaliwa vitani. Kwa miaka mingi nilikubali maneno hayo bila kuyachunguza, kama wengi tunavyokubali yaliyoandikwa kwenye bendera. Aliyenifanya niyachunguze ni mzee mmoja wa kanisani kwetu, mkimbizi kutoka Beni, Kivu Kaskazini. Nilikuwa namweleza habari ya telegramu ile, nikidhani namsimulia kisa cha kupendeza. Akaniuliza: "Mwanangu, walikuwa vitani, na bado wakaongeza watu wa kupiga kura?"

Ili kuelewa kwa nini aliuliza hivyo lazima ujue yaliyowapata watu wa Beni. Desemba 2018, siku chache tu kabla ya uchaguzi wa rais wa Congo, ilitangazwa kwamba Beni, Butembo na Yumbi hawatapiga kura tarehe 30 pamoja na wenzao. Kwa Beni na Butembo sababu zilizotolewa zilikuwa Ebola na mashambulizi ya waasi. Kura yao ilisogezwa hadi Machi 2019. Rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari. Wapiga kura zaidi ya milioni moja walikuta rais ameshakaa kitini kabla hawajaguswa na wino. Wakazi wa Beni hawakunyamaza: tarehe 30 Desemba walijipanga foleni, wakanawa mikono kwa ajili ya Ebola, wakapiga kura ya kwao wenyewe, ambayo walijua haitahesabiwa popote. Mzee alikuwa kwenye foleni ile.

Basi swali lake lilinirudisha vitabuni.

Kwanza, je, Lincoln angeweza kuahirisha? Wapo waliomshauri hivyo, na sababu zilikuwepo za kutosha. Majimbo kumi na moja ya Kusini yalikuwa yamejitenga na hayangepiga kura kabisa. Kiangazi cha 1864 majeshi ya Kaskazini yalikuwa yamekwama mbele ya miji ya Kusini ya Petersburg na Atlanta, maelfu wakifa kila wiki bila jambo la kuonyesha. Tarehe 23 Agosti Lincoln aliandika karatasi fupi akikiri kwamba kwa kila dalili serikali yake haitachaguliwa tena, na kwamba itakuwa wajibu wake kushirikiana na rais mteule kuuokoa Muungano kabla ya siku ya kuapishwa. Aliikunja, akawapa mawaziri wake waitie saini kwa nje bila kuisoma. Mpinzani wake alikuwa Jenerali George McClellan, ambaye yeye mwenyewe alimvua uongozi wa jeshi mwaka 1862. Chama cha McClellan, Democrat, kilikuwa kimeandika katika ilani yake kwamba mapigano yasimamishwe, ingawa mgombea mwenyewe hakukubaliana na kipengele hicho.

Huyo ndiye mtu ambaye angekuwa na kila kishawishi cha kusema "tungoje amani." Hakusema. Siku mbili baada ya uchaguzi aliwaambia watu waliokusanyika Ikulu kwamba huwezi kuwa na serikali huru bila uchaguzi, na kwamba kama uasi ungewalazimisha kuufuta au kuuahirisha uchaguzi wa taifa, ungekuwa na haki ya kudai kwamba umeshawashinda na kuwaangamiza. Niliposoma maneno hayo nilimpigia simu mzee, nikamsomea kwa Kiswahili. Alinyamaza kitambo. Kisha akataka nimsomee tena.

Lakini kutoahirisha ni jambo moja, kuongeza jimbo ni jambo jingine, na hapa hadithi inaanza kuwa na kona.

Nevada ya wakati ule haikuwa na watu. Sensa ya 1860 ilihesabu 6,857. Fedha iliyogunduliwa mwaka 1859 kwenye mwamba wa Comstock, juu kule Virginia City, ilivuta umati wa wachimbaji kutoka California, na wengi wao walikuwa wazaliwa wa Ireland, Cornwall na Ujerumani. Hata hivyo sensa ya 1870 ilipata watu 42,491 tu katika jimbo zima. Hesabu ya siku hizo ilikuwa mbunge mmoja kwa watu zaidi ya 120,000. Kwa kipimo cha kawaida Nevada ingesubiri miaka mingi kuwa jimbo.

Utasikia hapa Nevada, hata kutoka kwa watu waliosoma, kwamba Lincoln aliharakisha jimbo ili apate fedha ya Comstock ya kulipia vita. Sikubaliani. Tangu Machi 1861 Nevada ilikuwa eneo chini ya serikali kuu, gavana wake James Nye ameteuliwa na Lincoln mwenyewe, sheria na kodi za shirikisho zikifanya kazi. Fedha ile ilikuwa tayari upande wa Kaskazini. Jimbo halikuongeza hata wakia moja. Kilichoongezeka ni kura: maseneta wawili, mbunge mmoja, na kwa hiyo wajumbe watatu katika baraza dogo ambalo ndilo hasa humchagua rais wa Marekani.

Machi na Aprili 1864, Bunge lilifungua mlango kwa maeneo matatu ya magharibi yajiandikie katiba: Nevada, Colorado na Nebraska. Wakati huo ushindi wa Lincoln ulikuwa mashakani, na mwisho wa Mei akajitokeza mgombea wa tatu, John Frémont, kutoka upande ule ule wa wapinga utumwa. Kama kura zingegawanyika na asipatikane mwenye wingi, uamuzi ungekwenda Baraza la Wawakilishi, na huko kila jimbo lina kura moja tu. Nevada yenye watu elfu arobaini hivi ingekuwa sawa na New York. Charles Dana, aliyekuwa naibu waziri wa vita, alikumbuka uzeeni mwake kwamba Lincoln alimwambia ni rahisi zaidi kuingiza Nevada kuliko kuandikisha askari wengine milioni moja. Aliyakumbuka hayo miaka zaidi ya thelathini baadaye, kwa hiyo siyachukui neno kwa neno. Mantiki yake lakini ndiyo ile ile iliyosukuma sheria.

Colorado walikataa. Nebraska wajumbe walikutana wakavunja mkutano bila kuandika chochote. Waliobaki ni Nevada, nao haikuwa rahisi hata kidogo. Januari 1864 wananchi wa Nevada walikuwa wameshaikataa katiba moja, kura 8,851 dhidi ya 2,157. Sababu kubwa ilikuwa kodi. Katiba ile ilitaka migodi itozwe kama mali nyingine yoyote, na mchimbaji aliyechimba shimo la futi mia akitafuta fedha ambayo huenda haipo aliona atalipa kodi ya shimo tupu. Wakili wa kampuni kubwa za migodi, William Stewart, alikuwa amekipinga kipengele hicho cha kodi mkutanoni. Mkutano mpya ukaanza Carson City tarehe 4 Julai, mwenyekiti akiwa John Neely Johnson, gavana wa zamani wa California, na safari hii migodi ikatozwa faida halisi tu. Septemba ikapita kwa kura 10,375 dhidi ya 1,284.

Napenda kukaa kidogo kwenye takwimu hizo mbili, kwa sababu zinaeleza jambo ambalo gwaride halilisemi. Taifa lilikuwa linateketea, Washington inahesabu kura za urais, na watu wa Comstock wanapima kila kitu kwa kodi ya mgodi wao. Siwalaumu. Mpiga kura wa kijijini kokote duniani huanza na shamba lake. Lakini ina maana kwamba uzalendo ulioandikwa kwenye bendera ulipita kwanza kwenye daftari la hesabu.

Na uzalendo wenyewe ulikuwepo, tena wa kweli. Katika mji wa Austin, katikati ya jangwa, Aprili 1864 muuza duka Reuel Gridley wa chama cha Democrat aliwekeana dau na mwenzake wa Republican, chama cha Lincoln, juu ya uchaguzi wa meya. Akashindwa. Adhabu yake ilikuwa kubeba mfuko wa unga wa ratili hamsini mabegani mji mzima, bendi ikipiga na watu wakimfuata. Walipomaliza, mtu akapendekeza mfuko upigwe mnada kwa ajili ya majeruhi wa vita. Aliyeununua akaurudisha uuzwe tena, na aliyemfuata vivyo hivyo. Gridley akaupeleka Virginia City, akaupeleka California, mwishowe akafika nao mashariki, ukiuzwa na kurudishwa kila mji, hadi ukakusanya makumi kwa makumi ya maelfu ya dola. Duka lake bado limesimama Austin, jengo la mawe, na mfuko wenyewe umehifadhiwa hapa Reno kwenye makumbusho ya historia ya jimbo. Nimesimama mbele yake zaidi ya mara moja. Ni kitambaa kilichochakaa, na mimi humheshimu sana mtu yule aliyeshindwa dau akakugeuza kushindwa kwake kuwa dawa na bandeji za askari wa vita ambavyo chama chake kilitaka visimamishwe.

Katiba yenyewe ina alama ya vita kila mahali. Kifungu cha pili cha ibara ya kwanza kinasema utii mkuu wa kila raia ni kwa serikali ya shirikisho, na kwamba hakuna jimbo lenye haki ya kujitenga. Bado kimo hadi leo. Utumwa ulipigwa marufuku kwa sharti la Bunge. Askari waliokuwa kambini waliruhusiwa kupiga kura. Wanevada elfu moja na ushei waliojiandikisha hawakufika kwenye uwanja wowote mkubwa wa vita. Walilinda njia za posta na telegrafu kupita jangwani.

Sasa uchaguzi. Kiangazi kilipoisha mambo yalikuwa yamebadilika. Atlanta ilianguka tarehe 2 Septemba. Frémont alijitoa tarehe 22. Tarehe 8 Novemba Nevada ilimpa Lincoln kura 9,826 na McClellan 6,594, karibu asilimia sitini. Nchi nzima alipata wajumbe 212, McClellan 21. Mmoja wa wajumbe watatu wa Nevada alikwama kwenye theluji ya Desemba, hakufika Carson City, na kwa hiyo jimbo lililotengenezwa kwa ajili ya kura tatu likatoa mbili. Lincoln angeshinda bila hata moja.

Ukikomea hapo utasema kazi yote ile ilikuwa bure. Mimi sikomei hapo. Tarehe 31 Januari 1865 Baraza la Wawakilishi lilipiga kura juu ya Marekebisho ya 13 ya Katiba, ya kukomesha utumwa Marekani yote. Mwaka uliotangulia yalikuwa yameshindwa kwenye baraza hilo hilo. Yalihitaji theluthi mbili. Yalipata 119 dhidi ya 56, na kwa idadi ile ya waliopiga kura, 117 ndizo zilizohitajika. Kura tatu tu za ndiyo zingegeuka kuwa hapana, yangekufa siku ile. Mmoja wa wale 119 alikuwa Henry Worthington, mbunge wa Nevada aliyekuwa na wiki chache tu kitini. Tarehe 16 Februari bunge la Nevada likayaidhinisha. Kwangu mimi hapo ndipo telegramu ilipolipa gharama yake.

Ila nani alihesabiwa Nevada siku ile ya Novemba? Katiba ilisema mpiga kura ni mwanamume mweupe. Neno hilo liliandikwa na watu wale wale waliopiga utumwa marufuku, kwenye waraka ule ule, na likapigwa kwenye waya kwa gharama ile ile. Mtu mweusi Virginia City alikuwa huru kufungua biashara, na William Brown alifungua baa yake, Boston Saloon, mwaka huo huo wa 1864. Wanaakiolojia waliifukua mwaka 2000 wakakuta glasi nzuri na mabaki ya vyakula vya gharama. Kura hakuwa nayo. Tabibu mweusi wa mji ule, Dkt. W. H. C. Stephenson, alisumbuka miaka akidai kura na shule kwa watu wake. Wachina, hapana. Wanawake walisubiri hadi 1914.

Na Washoshone na Wapaiute, wenye nchi. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Mwaka mmoja kabla, tarehe 1 Oktoba 1863, Washoshone wa Magharibi walitia saini mkataba wa amani na urafiki katika bonde la Ruby. Waliruhusu barabara, migodi na reli kupita. Waliruhusu pia waya wa telegrafu. Hawakuuza ardhi. Katiba iliyopigwa kutoka Carson City kwenda Salt Lake City ilisafiri juu ya nguzo zilizosimama kwenye ardhi yao, kwa ruhusa yao, na ndani yake hawakuwemo. Sharti jingine la Bunge lilikuwa jimbo likane madai yote juu ya ardhi isiyogawiwa, iwe mali ya serikali kuu. Hadi leo karibu asilimia themanini ya Nevada ni ya serikali hiyo. Mwaka 1985 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba haki ya Washoshone imekwisha kwa kuwa fidia ilishawekwa kwenye akaunti kwa niaba yao, ingawa walikuwa wamekataa kuichukua. Uraia wa Wahindi Wekundu wote ulikuja 1924, miaka sitini baada ya uchaguzi ule.

Nevada ilijirekebisha kwa kiasi, na sifa hiyo siwanyimi. Mwaka 1869 Stewart, yule wakili wa migodi, sasa seneta, ndiye aliyeyasimamia katika Seneti Marekebisho ya 15, yanayokataza kumnyima mtu kura kwa rangi yake au kwa kuwa aliwahi kuwa mtumwa. Bunge liliyapitisha tarehe 26 Februari. Tarehe 1 Machi Nevada ikawa jimbo la kwanza kuyaidhinisha. Mahali mtu alipozaliwa hapakutajwa humo, na pengo hilo liliacha nafasi ya kuendelea kuwazuia Wachina. Neno "mweupe" lilifutwa kwenye ibara ya kura ya katiba ya Nevada mwaka 1880.

Nilimpelekea mzee haya yote, jioni moja baada ya ibada, na nilitarajia atashika kura ya Worthington kama ninavyoishika mimi. Aliisikiliza kwa heshima. Halafu akasema jambo lililonifanya nianze kuandika makala haya. Alisema Nevada waliharakishwa kwa sababu Washington walijua watampigia nani, na kwamba kwao Beni na Butembo, ngome ya upinzani, kila mtu anaamini waliachwa kwa sababu hiyo hiyo. Telegrafu ingekuwa na haraka ile kama Comstock yote ingekuwa ya McClellan?

Sidhani ingekuwa. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kwamba Lincoln huyo huyo aliacha New Jersey, Delaware na Kentucky wapige kura, wakamkataa, na kura zao zikahesabiwa siku moja na za wengine. Mwezi Agosti aliamini kabisa kwamba atakataliwa na nchi nzima, na tarehe ya uchaguzi haikusogea. Mzee akakubali kwamba hilo ni kubwa. Akasema kama wangeipa Beni hilo peke yake, kupiga kura siku moja na Kinshasa, asingehitaji wamharakishie chochote.